Nguo ya Mke: Haki ya Misimu Miwili na Mtindo Upitao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu vazi la kusitiri miili yao na la kuwapamba, akawajulisha kuwa uchaji ndio vazi lililo bora. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, somo hili ni katika jambo ambalo waume wa pwani hulizungumza sana barazani na kulisoma kidogo chuoni, nalo ni nguo za wake zao. Kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani, na kila Idi iingiapo, na kila paitishwapo harusi, husikika manung'uniko yale yale: kwamba wanawake wa zama hizi hawatosheki; kwamba baibui la mwaka jana halivaliki mwaka huu; kwamba mtandio wa rangi hii umepitwa, sasa watakiwa wa rangi ile. Mmoja hunena, wenziwe huitikia, na kahawa hunywewa. Lakini mmoja wao akiulizwa, Sheria imewajibisha nini juu yako katika nguo za mkeo, na wajibu huo huingia lini, na ukipita bila ya kutekelezwa huwaje, huonekana hana jawabu. Basi yafaa mtu ajue kwanza lililo juu ya shingo yake, kisha ndipo atazame lililo juu ya mwili wa mwenziwe.

FUNGU LA KWANZA: ASILI YA WAJIBU

Aya ya 233 ya Suratul Bakara imeweka juu ya baba chakula cha mama wa mtoto na nguo zake, kwa namna ya wema inayojulikana na watu. Aya ya 7 ya Suratut Talak imeamrisha kila mtu atoe kwa kadiri ya alichonacho, mwenye wasaa kwa wasaa wake, na mwenye dhiki kwa dhiki yake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hotuba yake ya Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alizitaja nguo pamoja na chakula katika haki za wake juu ya waume zao, kama alivyopokea Muslim. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, sahaba mmoja alimwuliza haki ya mke ni ipi, akajibiwa kwamba mume amlishe alapo na amvike avaapo.

Angalia jinsi nguo zilivyofungamanishwa na chakula. Hapana mume mwenye akili adhaniye kuwa chakula cha mkewe ni zawadi, ampe apendapo na amnyime apendapo. Basi nguo nazo ni vivyo hivyo. Si zawadi ya Idi, wala si bakhshishi ya mavuno ya karafuu, wala si malipo ya utiifu wa mwaka. Ni haki yenye wakati wake, kama sala zilivyo na nyakati zake.

Wakati huo ni upi? Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277 miladi, ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii wamekisoma karne baada ya karne, kwamba kiswa cha mke hutolewa mara mbili kwa mwaka: mwanzo wa majira ya baridi na mwanzo wa majira ya joto. Na waliokisherehesha kitabu hicho wakabainisha kwamba makusudio ni kila miezi sita, huhesabiwa tangu mke alipojisalimisha kwa mumewe. Katika kila kiswa ameandikiwa kanzu, na suruali, na ushungi, na viatu. Na katika baridi huongezwa juba. Na asili ya nguo hizo ni pamba. Lakini ikiwa ada ya mji kwa mtu aliye mfano wa mume huyo ni kitani au hariri, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi yampasa kutoa hiyo.

Tena wanavyuoni wamesema jambo ambalo lafaa kuandikwa kwa wino mzito: hesabu ya nguo haipungui kwa ufukara wa mume wala haizidi kwa utajiri wake. Kinachogeuka ni ubora wake. Tajiri hutoa iliyo njema, fukara hutoa iliyo hafifu, na wa katikati hutoa ya katikati. Ama kusema, mwaka huu mambo ni mazito, basi hapana nguo, neno hilo halimo katika vitabu. Na ushoni nao, yaani uzi na ujira wa fundi, ni juu ya mume.

FUNGU LA PILI: MISIMU YA PWANI

Imam Nawawi alizaliwa katika kijiji cha Nawa, nchi ya Hauran, akasoma na kusomesha Dameski. Huko Shamu baridi ni baridi ya kweli, na theluji huanguka. Ndiyo maana akataja juba. Je, katika pwani hii, ambapo theluji haijulikani, hukumu ya misimu miwili imeanguka? La, haikuanguka. Hukumu imejengwa juu ya haja na ada, na kila nchi ina haja yake na ada yake.

Pwani ina misimu miwili iliyo wazi kwa kila baharia. Kaskazi huvuma tangu karibu na Desemba hata Machi, nayo huja na joto na jua kali. Ndiyo pepo iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, yakiwa na tende na mazulia na vitambaa. Kisha huja kusi, na mwanzo wake huandamana na mvua za masika, na katikati yake ni kipupwe, miezi ya Juni na Julai, ambapo hewa hupoa hata wazee wakajifunika mashuka. Basi mwenye kutaka kutimiza hukumu kwa wepesi, na ajiwekee nyakati hizo mbili, moja kaskazi na moja kusi. Katika kaskazi nguo za pamba nyepesi zisizobana, ambazo hewa hupita ndani yake. Katika kusi nguo iliyo nzito kidogo, na shali au sweta kwa mwenye kuhitaji, na blanketi la kulalia, kwa kuwa wanavyuoni wameingiza na cha kujifunika usiku katika haki hiyo.

Wala mtu asiseme kuwa wanawake wa pwani hujifunga kanga na hawakuandikiwa ila suruali. Wanavyuoni wamekwisha kusema kwamba shuka la kujifunga husimama mahali pa suruali panapokuwa na ada hiyo. Basi doti ya kanga, ambayo watu wa Mombasa huiita leso, ina mahali pake katika fikihi hata kama jina lake halikuandikwa na Nawawi.

FUNGU LA TATU: MTINDO SI JAMBO LA JANA

Wengi hudhani kwamba mabadiliko ya mitindo yameletwa na zama hizi, na kwamba mabibi wao walivaa vazi moja tangu dunia kuumbwa. Historia ya pwani yakanusha hayo.

Katika karne ya 19 miladi watu wengi wa pwani walivaa nguo ya pamba isiyopaushwa, iliyoletwa na wafanya biashara wa Marekani kutoka bandari ya Salem, hata ikaitwa merikani. Mapatano ya biashara baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani yalifanywa mwaka 1833. Vita vya ndani vya Marekani, tangu 1861 hata 1865, vilipoikata pamba hiyo, nguo za Uingereza na Bombay zikaingia mahali pake. Na merikani hiyo hiyo ikitiwa rangi nyeusi ya nili iliitwa kaniki. Hizo ndizo zilizokuwa nguo za watumwa na maskini.

Mwishoni mwa karne hiyo wanawake wakaanza kununua leso za rangi zilizotoka viwandani, wakaziunga pamoja zikawa nguo moja, na jina lenyewe, leso, asili yake ni Kireno. Wafanya biashara walipoona hayo, wakaagiza nguo nzima zilizopigwa chapa tayari, zenye pindo na mji, kutoka Uholanzi na Uingereza. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na alama yake ya Mali ya Abdulla ikajulikana pwani nzima. Baadaye Japani na Bara Hindi wakaleta zao, na Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa mwaka 1968. Tangu siku hizo za mwanzo kanga ilikuwa na mtindo upitao: chapa mpya ikishuka bandarini, ya zamani hubaki rafuni.

Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki, wakajifunga kanga, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakavaa na buibui jeusi. Kabla ya hapo, katika Lamu na Mombasa, mwanamke wa kiungwana alitoka ndani ya shiraa, nguo kama hema iliyochukuliwa na watumwa wake. Na wake wa Kimanga walivaa barakoa usoni. Buibui likaja likawafunika wote sawasawa, hata asijulikane nani mjukuu wa nani.

Katika habari hizi mna mazingatio mawili. La kwanza, buibui lenyewe, ambalo leo wazee hulitaja kuwa ndilo vazi la asili, lilikuwa mtindo mpya siku moja. Basi upya peke yake si aibu wala si dhambi. La pili, nguo si pambo tu. Kwa mtu aliyevikwa kaniki kwa nguvu, doti ya kanga nyekundu ilikuwa ni heshima. Mume adhaniye kuwa kila hamu ya nguo ni upuuzi wa wanawake, huyo hajajua mtu hufahamu nini moyoni mwake avaapo nguo njema mbele ya wenziwe.

Lakini historia hiyo hiyo yafundisha na hatari. Mjini Mombasa, katika miaka iliyo baina ya vita vikuu viwili, vyama vya lelemama vilishindana kwa sare, kila chama kikitaka kukipita kingine kwa nguo na karamu, na fedha nyingi zikapotea. Mashindano hayo yamekwisha. Lakini kushindana hakukwisha, kumebadili ngoma tu.

FUNGU LA NNE: MIZANI YA MTINDO MPYA

Sheria haikuandika mshono. Haikusema mkono wa kanzu uwe na upana huu, wala rangi iwe hii. Imeweka masharti, kisha ikaiachia ada iende na kurudi ndani ya masharti hayo. Basi kila mtindo ujao, uwe umetoka Dubai au Mumbai au kwa fundi wa mtaani, hupimwa kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni sitara. Aya ya 31 ya Suratun Nur imeamrisha ushungi uteremshwe hata ufunike kifua, na aya ya 59 ya Suratul Ahzab imeamrisha wanawake wajiteremshie mavazi yao ya juu. Katika madhehebu ya Shafii uchi wa mwanamke katika sala ni mwili wote, isipokuwa uso na viganja vya mikono. Na nyayo zimo. Nguo ionyeshayo rangi ya ngozi haikusitiri. Nguo ifichayo rangi lakini ikabana hata ikaonyesha umbo, yatosha kwa kusihi kwa sala, ila ni makuruhu kwa mwanamke.

Na haya huhitaji kutazamwa kwa macho, si kwa kusikia jina la nguo. Kanga mpya ina wanga, huonekana nzito dukani. Ikifuliwa mara mbili tatu hulegea, na ukiishika mbele ya dirisha waweza kuona mkono nyuma yake. Mwenye kusali kwa kanga na ajaribu hivyo kwanza, au azikunje mbili. Dera nalo ni pana na lina nafasi, lafaa sana kwa joto la kaskazi. Lakini mengi hushonwa kwa kitambaa chepesi kipitishacho mwanga, basi mbele ya wasio maharimu huvaliwa na shimizi refu chini yake. Baibui la mikono mipana hupendeza, lakini mkono ukiinuliwa kushika mlango wa gari dhiraa yote hubaki wazi. Dawa yake ni kuvaa ndani nguo ya mikono mirefu inayobana kiasi. Baibui lililo wazi mbele kama joho halitoshi peke yake bila ya gauni kamili ndani. Mtandio wa hariri ni halali kwa mwanamke, lakini huteleza na hupenya nuru. Hukunjwa mara mbili na hufungwa juu ya kofia ya kitambaa. Na pindo la chini, Mtume aliwaruhusu wanawake kuliteremsha shibiri, na Umm Salama alipohofia nyayo zitaonekana, akaongezewa hata dhiraa moja, wala isizidi hapo. Basi mtindo wa pindo lililopanda hata juu ya fundo la mguu hukamilishwa kwa soksi nzito.

Jambo la pili ni kadiri ya mali. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imewaambia wanadamu wachukue mapambo yao penye kila ibada, wale na wanywe, wala wasifanye israfu. Na aya inayofuata imewakemea wenye kuyaharimisha mapambo ya Mwenyezi Mungu. Pande zote mbili zimo humo. Asiyevaa kwa uchoyo na kusema ni dini, na avaaye hata akala mali ya watoto, wote wamekwenda kombo.

Jambo la tatu ni nia. Abu Daud na Ibn Majah wamepokea onyo kwa mwenye kuvaa nguo ya kutafutia sifa, kwamba huko Akhera atavikwa nguo ya unyonge. Onyo hili halikuhusishwa na wanawake. Ladhihirika zaidi kwa mwanamume avaaye kofia ya kazi ya mkono ya bei kubwa na kanzu ya hariri nyororo ili asemwe, ilhali nyumbani mna mtu mwenye mtandio wenye tundu.

Sasa, mke akitaka mtindo ambao ni mwembamba na hausitiri, mume afanyeje? Wanavyuoni wamelijibu swali hili tangu zamani, na jawabu lao ni tamu. Wamesema: ikiwa ada ya watu ni nguo nyembamba isiyositiri, mume hatoi hiyo, bali hutoa nguo nzito inayositiri, iliyo karibu na ile kwa uzuri. Haikusemwa amnyime akae kimya. Haikusemwa amletee gunia ili kumwadibu. Amtafutie nguo yenye uzuri wa karibu na ule alioutaka, na yenye sitara ambayo ile haikuwa nayo. Hiyo ndiyo hekima ya mafakihi, nayo yahitaji mume aingie dukani, ashike kitambaa, ajue bei. Asitoe hukumu juu ya nguo asiyoijua.

FUNGU LA TANO: MAKOSA MAWILI YA WAUME

Waume hukosea kwa njia mbili, na njia hizo zapingana.

Wa kwanza ni yule anenaye dhidi ya mitindo ilhali hajatoa kiswa. Huyu hujificha nyuma ya dini. Chukua mfano wa Zaid, jina la mfano tu. Zaid ameoa na kukaa na mkewe miaka 20. Katika muda huo alimnunulia nguo mara nne. Nyingine mke alivishwa na kaka zake, au alijinunulia kwa fedha ya vitumbua alivyopika alfajiri. Zaid akawa mashuhuri barazani kwa kulaumu israfu ya wanawake. Kisha akafa, akaacha nyumba na mashua, na warithi wakakaa kugawana. Hesabu yake ni hii: kila mwaka viswa viwili, miaka 20 ni viswa 40, ondoa vinne alivyovitoa, vimebaki 36. Imam Nawawi amesema wazi kwamba kiswa kisichotolewa kwa muda fulani huwa deni. Na deni hutangulia wasia na urithi. Basi kabla ya nyumba kugawanywa na mashua kuuzwa, mjane ana viswa 36 katika mali ile, isipokuwa amesamehe yeye mwenyewe kwa moyo mweupe, si kwa kuonewa haya na mashemegi. Na ikiwa hakusamehe, na warithi hawakulipa, Zaid amekwenda na deni hilo. Mtu aliyejiepusha na deni la duka maisha yake yote huenda akafufuka na deni la chumbani mwake.

Wa pili ni yule atoaye kila kitu kitakiwacho, hata asichokuwa nacho. Ramadhani ikiingia huchukua kwa mkopo. Idi ikipita huanza kukimbia njia ya duka. Karo ya watoto husimama, na dawa ya mama yake husimama, ili baibui lenye shanga lionekane harusini usiku mmoja. Huyu naye hakutekeleza wajibu, kwa kuwa wajibu wake ulikuwa mwepesi kuliko huo. Minhaj imetenga: mume huwajibika kwa kitana na mafuta na cha kuogea, ama wanja na hina na vitu vya kujipambia tu, hayo si wajibu juu yake. Akiyataka yeye mwenyewe kwa mkewe, basi ayalete. Na shanga na nakshi za mwaka huu zina shabaha na hayo: akiwa na wasaa, ni ihsani na atapata thawabu, akiwa hana, hapana lawama.

Tazama jinsi makosa mawili haya yanavyozaana. Mke asiyejua nguo yake itakuja lini huikamata kila fursa ipitayo, kwani hajui kama itarudi. Ramadhani hutaka, Idi hutaka, harusi ya jirani hutaka. Lakini mke ajuaye kuwa kaskazi ikiingia ana haki yake, na kusi ikiingia ana haki yake, bila ya kuomba na bila ya kununa, huyo hupanga. Akitaka mtindo mpya, huuchagua ndani ya haki yake. Mume mwenye kutimiza wakati hupata haki ya kunena, na maneno yake husikilizwa. Asiyetimiza, hata akisoma aya zote za sitara, huonekana anatetea mfuko wake.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Wanawake wa mtaa wamekubaliana sare ya harusi. Je, ni wajibu juu ya mume kununua?
Jawabu: Si katika kiswa, wala si wajibu. Akinunua kwa wema ni vizuri. Wakiridhiana ihesabiwe kuwa ndiyo nguo ya msimu, nayo yasitiri na yafaa kuvaliwa baadaye, hapana ubaya. Na wenye kupanga sare wamche Mungu, wachague kitambaa ambacho maskini wao aweza kukinunua.

Suali: Mke ana kazi na mshahara. Je, kiswa kimeanguka?
Jawabu: Hakikuanguka. Utajiri wa mke hauondoi wajibu wa mume. Akijinunulia kwa hiari yake ni hisani yake.

Suali: Nguo ya msimu uliopita bado ni nzima. Je, mume aweza kusema ingoje ichakae?
Jawabu: Kwa kauli iliyo sahihi zaidi kiswa ni milki ya mke, si kitu cha kuazimwa. Akiitunza hata msimu mwingine ukaingia, haki yake mpya ipo, na utunzaji wake haugeuzwi kuwa hasara. Na kwa sababu hiyo hiyo, nguo ikiharibika kabla ya msimu kwisha, bila ya kosa la mume, hana wajibu wa kutoa badali, ijapokuwa huruma yapendeza zaidi.

Suali: Je, mke aweza kuuza nguo aliyopewa?
Jawabu: Aweza, kwa kuwa ni mali yake. Lakini haimfalii kuiuza kisha akavaa iliyo duni kuliko hiyo. Mume ana haki ya kumzuia, kwani ana haja ya kumwona mkewe amependeza.

Suali: Mume hana kitu kabisa, hata nguo hafifu hawezi. Je, huwaje?
Jawabu: Mke akisubiri ana thawabu kubwa, na haki yake hubaki deni. Asipoweza kusubiri, apeleke shauri kwa Kadhi; kushindwa kutoa nguo ni kama kushindwa kutoa chakula katika hukumu ya kuvunja ndoa. Lakini hayo ni kwa asiyeweza, si kwa ajifanyaye hawezi.

Suali: Je, mume naye ajipambe?
Jawabu: Naam. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Mwenye kurudi nyumbani na fulana ya jasho, kisha akataka mkewe awe kama bibi arusi, amepima kwa mizani miwili.

KHATIMA

Mwenyezi Mungu, katika aya ya 187 ya Suratul Bakara, amewaita wake kuwa ni vazi la waume zao, na waume kuwa ni vazi la wake zao. Vazi husitiri aibu, hukinga baridi, na hupendezesha. Mume aliyemwacha mkewe bila ya nguo, au aliyemtangazia barazani kuwa ni mwenye israfu, amekuwa vazi lililotatuka.

Basi kila asomaye karatasi hizi na ahesabu: mara ya mwisho alitoa kiswa lini, na msimu huu umeingia au haujaingia. Akiona ana deni, alilipe au aombe msamaha wa kweli. Kisha, pepo zikigeuka, aende dukani pamoja na mkewe, washike kitambaa mbele ya mwanga, wachague kinachositiri na kinachopendeza na kinacholipika. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuafikisha.